Daftari la Gari la Mama

4 Januari

Kaka,

Hujambo huko uliko? Sisi tunapumua. Mwaka umeanza na sare za shule, nimeshona hamsini na mbili tangu Jumatatu na vidole vimekufa ganzi. Mama anakusalimu. Yuko hapa nyuma yangu kwenye kiti chake, anakata nyuzi na kuikosoa mishono yangu. Jirani yetu, yule mwalimu mstaafu, amewekewa meno ya bandia, na sasa anacheka hata kwa mambo yasiyochekesha ilimradi tuyaone.

Haya, nikupe ya gari, maana najua hapo ndipo macho yako yanapokimbilia. Jumamosi nilimwaga oili mwenyewe, kama ulivyonifundisha. Nikaliwasha dakika tano, nikalipandisha kwenye vile vyuma viwili, nikaingia uvunguni na spana, nikafungua nati, oili kuukuu yote ikaishia kwenye karai. Nikabadilisha filta. Nikatoka kifua mbele, nikamimina lita tatu za oili mpya huku nikijisifu kimoyomoyo. Kaka, nati ilikuwa mfukoni mwangu. Oili mpya ilipita moja kwa moja ikaenda kujiunga na ile chafu karaini. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Na wewe ukinicheka nitakusamehe, ni siku nyingi sijakusikia ukicheka.

Daftari linasema hivi: kilomita 81,340. Upepo wa tairi thelathini kote. Maji sawa. Plagi sijazigusa.

Nataka kununua kava za viti. Mwenye duka la vifaa ananisukumia za kitambaa, mimi nataka za plastiki zinazopanguswa, angalau ya kile kiti cha mbele kando ya dereva. Nataka na mto wa shingo. Unaonaje?

Jambo jingine, ukipata nafasi mwandikie mama barua yake mwenyewe. Kila nikifungua bahasha yako ananiuliza kama kuna karatasi ya pili ndani.

Ni mimi, Sindano


2 Februari

Sindano,

Barua yako imefika leo na lori la dizeli, ambalo ndilo posta yetu. Simu huku ni za kutazamia saa. Mimi ni mzima. Vumbi la hii barabara tunayoichonga linaingia mpaka kwenye mswaki, greda moja giaboksi imekufa, na mpishi ameapa kuacha kazi kwa mara ya nne.

Nilicheka, usiwe na wasiwasi. Niliwasomea wenzangu karakana, sasa mtu akisahau kitu anaulizwa kama nati iko mfukoni.

Kava nunua za kitambaa, za plastiki zinaunguza mapaja jua likiwaka. Vile vifuniko vya magurudumu usinunue hata akikupunguzia nusu, ni urembo wa kuwafurahisha wezi. Wala kile kinachonukia cha kuning'inia kwenye kioo. Nunua mati za mpira za miguuni, pembetatu ya kuweka barabarani ukiharibikiwa, waya za kuazimia moto wa betri, na geji yako mwenyewe ya upepo, maana zile za kwenye vituo vya mafuta zinabahatisha. Filta ya hewa itoe uigonge kwa upole. Ikibaki nyeusi, tupa.

Kilomita andika kila Jumapili. Nilikuambia siku nakupa hilo daftari: binadamu unaweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, gari hapana. Fundi akidanganywa anatengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Sasa nisikilize. Baba alipougua mlinificha, eti nisisumbuliwe kazini. Nikafika mmeshamzika. Unakumbuka nilivyomfokea mama mbele ya waombolezaji, nikachukua begi langu nikaondoka. Huu ni mwaka wa tatu na sitaki kuifukua habari hiyo. Ninachotaka ni ahadi moja tu: mama akiugua, hata mafua ya siku tatu, niandikie. Niahidi kwa maandishi.

Kuhusu karatasi ya pili, mimi si mtu wa barua. Gari nimemnunulia yeye, asitembee juani. Anajua limetoka kwa nani.

Kaka yako


11 Machi

Kaka,

Salamu nyingi. Mama naye anakusalimu, amejinyoosha kidogo. Sare zimekwisha, sasa nina magauni ya harusi ya watu wasiojua wanataka nini. Bibi harusi amenifumulisha mikono ya gauni mara tatu, mama anasema ataolewa akiwa na fulana.

Vitu vya gari nimenunua vyote ulivyotaja. Usinikunjie uso, kava nimechukua za plastiki, lakini nimeshona kitambaa juu yake cha kutoa na kufua. Nimeweka kivuli kwenye kioo cha upande wa abiria, na kindoo chenye kifuniko kando ya kiti. Kile chenye kunukia nilishakinunua kabla barua yako haijafika, nikakitupa siku ya pili, harufu yake inachefua. Niambie kiti cha mbele kinalazwaje mpaka chini kabisa, kwa sababu hiki kinakwama nusu. Na breki za mbele zinapiga kelele nikikanyaga.

Daftari: kilomita 84,100. Upepo thelathini. Filta ya hewa ilikuwa nyeusi tii, nimeitupa.

Kaka, siku ile ulipokuja kunikabidhi gari, tulishinda gereji siku nzima, ukanifundisha hadi kubadilisha balbu, jioni ukapanda basi ukarudi. Kutoka pale gereji mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mama alikuwa amefagia chumba chako na kutandika shuka mpya. Sikukuambia wakati ule. Nakuambia leo.

Sindano


9 Aprili

Sindano,

Mimi ni mzima. Natumaini nanyi ni wazima.

Nimekaa na barua yako na kalamu. Januari 81,340, Machi 84,100. Hizo ni kilomita elfu mbili mia saba na sitini kwa wiki tisa. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni kilomita tatu. Hata ungewazungukia wateja wako wote kila siku ya Mungu usingefikisha nusu ya hizo. Breki za mbele nilizifunga mpya kwa mikono yangu, leo zinalia. Kava za kupangusa, kivuli upande wa abiria, ndoo ya takataka, kiti cha kulaza. Sikuzaliwa jana. Gari la mama umeligeuza teksi.

Usinijibu kwa maelezo, maelezo yako nayajua. Ningetaka gari la biashara ningenunua la biashara. Nilijinyima mwaka mzima ili mama apande kitu chake, nawe unawapandisha wapita njia, yeye umemwacha kwenye kiti anakata nyuzi. Hata ahadi niliyokuomba hukuijibu. Nadhani ulikuwa na haraka ya abiria.

Fanya hivi leo hii. Liegeshe uani, vuta breki ya mkono, chomoa waya wa hasi wa betri, lifunike turubai. Lisitoke mpaka nije mwenyewe. Na barua hii msomee mama neno kwa neno, ajue mtoto anayekaa naye ni mtu wa namna gani.

Kaka yako


1 Mei

Kaka,

Hatujambo. Mama anakusalimu.

Barua nimemsomea neno kwa neno, kama ulivyoagiza. Gari liko uani. Breki ya mkono nimevuta, waya nimechomoa, turubai nimefunika.

Kilomita 86,020.

Sindano


3 Juni

Sindano,

Habari za hapo? Huku mvua imetukata na dunia siku kumi, lori likakwama, tukala maharage mpaka tukachukiana. Greda limepona.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nakiri niliandika moto kidogo. Lakini umefanya vizuri kutii, na yaliyopita tuyaache. Mwazime jirani waya zako za betri siku moja moja, vifaa vikikaa sana bila kazi vinaharibika.

Likizo yangu ilikuwa Machi, nilimwachia mwenzangu mwenye mtoto mchanga. Nitakuja Desemba. Kwenye ghala la kampuni nimepata mto mzuri wa mgongo, wa kufunga kwenye kiti cha gari. Nimempa dereva wa lori. Ni wa mama.

Mbona siku hizi huandiki alichosema? Zamani kila barua ilikuwa na kichekesho chake. Nilianza ile karatasi ya pili unayoidai. Niliandika “Mama”, halafu nikaitwa kwenye greda.

Kaka yako


24 Juni

Kaka,

Leo sina salamu za kukuzungusha. Mama anaumwa.

Figo zake zilikufa tangu Desemba, zote mbili. Daktari alituambia damu yake lazima isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mashine iko hospitali kuu, kilomita arobaini na sita kutoka hapa. Chukua tena kalamu yako ukokotoe. Kwenda na kurudi ni tisini na mbili, mara tatu, kila wiki. Kava za plastiki ni kwa sababu anatapika njiani. Kindoo ni chake. Kivuli ni kwa sababu jua lilikuwa linampiga machoni wakati wa kurudi, amechoka hawezi hata kuinua mkono. Kiti nilitaka kukilaza ili alale. Abiria wangu alikuwa mmoja tu, Kaka, na ndiye mwenye gari.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Alinikataza, akaniapisha. Alisema, “Akija, aje kwa kuwa amenikumbuka. Sitaki mwanangu aletwe na ugonjwa.” Ndiyo maana hukuipata ahadi yako, nisingeweza kuahidi pande mbili. Lakini daftari niliandika kweli tupu kila Jumapili. Nilijiambia kaka yangu ni fundi, ataona. Ukaona ulichoona.

Nilipomsomea barua yako hakulia. Aliniambia nisikujibu kitu. Nikamwambia tuendelee kwenda na gari hivyo hivyo, wewe uko mbali hutajua. Akasema aliyelinunua amesema lisimame, hatapanda kitu cha mwanawe kwa kuiba. Na mimi ule waya niliuchomoa kwa hasira, si kwa utii. Nilitaka siku moja ujue, na ukijua uumie. Ningembembeleza siku mbili tatu angelegea, namjua mama yangu. Sikumbembeleza. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Tukaanza kwenda kwa basi. Ni mabasi mawili, na kutoka la kwanza hadi la pili kuna mwendo wa robo saa wa mtu mzima wa afya. Sisi tulitumia saa nzima, ananiegemea, anajifanya anatazama bidhaa za madukani ili apumzike. Mei mwanzoni tulikwenda mara tatu kwa wiki, kisha mara mbili. Juni ilipoingia nikapiga magoti nikamwomba akubali gari, akakubali shingo upande. Gari likakataa. Betri kuukuu imekufa kabisa, zile waya za kuazimia moto hazikuiamsha, na hata majirani waliposukuma, magurudumu ya nyuma hayakuzunguka. Sasa tunakwenda mara moja tu. Miguu imevimba, kandambili haziingii. Halali tena kitandani, analala ameketi kwa sababu pumzi haimtoshi akijinyoosha.

Mto wako umefika. Ameuweka mgongoni na hataki niuguse.

Hajui kwamba naandika. Njoo. Usiandike barua, usiulize kilomita. Njoo.

Mdogo wako


30 Agosti

Sindano,

Nimefika kambini salama. Nimepokewa vizuri, wenzangu wamenichangia maneno na sigara, na mpishi amelia kuliko mimi.

Mengi ya haya uliyaona, lakini acha niyaandike, huenda nikapata usingizi. Barua yako ilinifikia Julai kumi na tano, nikaondoka na lori lile lile lililoileta. Nilimkuta mama yuko hai. Hilo ndilo linalonila. Kwa baba nilikuwa na watu wa kuwalaumu. Safari hii niliambiwa, nikaja, nikafika.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno, siku mbili nzima juu ya lori. Aliponishika mkono akasema nimekonda, yote yakanikauka. Unajua nilichomwambia? Nilimwambia, ngoja nikalitazame gari. Jitu zima la miaka arobaini na moja.

Breki za nyuma zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu. Nani aliagiza gari liegeshwe miezi kwa breki ya mkono? Gari la kukaa linawekwa kwenye gia na kabari nyuma ya tairi, mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hivyo. Mimi nina miaka kumi na minane kwenye kazi hii. Ungeniuliza siku nyingine yoyote ningekwambia sawasawa. Niliandika nikiwa na hasira, na hasira yangu ndiyo iliyoyafunga yale magurudumu.

Kesho yake tulimpeleka kwa gari la kukodi, daktari akatuambia moyo umechoka, hata mashine utaikataa, turudi naye akapumzike. Wewe ulielewa pale pale. Mimi nikasema Ijumaa nitampeleka tena, kwa gari lake, na nikaingia uvunguni. Nikafungua breki zote nne. Nikasafisha plagi ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Nikakitengeneza kile kiti mpaka kikalala chini kabisa. Siku tatu, Sindano, na yeye yuko ndani hatua kumi kutoka pale. Siku ya mwisho ulikuja kuniita mara mbili. Mara ya kwanza nikasema nakuja. Mara ya pili nikasema bado boliti moja. Ulipotoka mara ya tatu ulisimama tu, nikaona miguu yako kutoka kule chini, nikajua.

Ile boliti ingesubiri. Zote zingesubiri.

Gari sasa liko sawa. Oili ibadilishe kilomita zikifika 88,000, na upepo wa tairi uangalie kila wiki, tairi la nyuma kulia linapoteza kidogo.

Kaka yako


21 Septemba

Kaka,

Nyumba imekuwa kubwa. Mwalimu mstaafu huja asubuhi kukaa kwenye kiti cha mama, anasema ni kwa ajili ya mwanga wa kusomea gazeti. Anajaribu kukata nyuzi, anakata na kitambaa. Namwacha.

Kuna jambo sikukuambia msibani kwa sababu kinyongo kilikuwa kimenijaa mpaka hapa. Siku ile mama hakunituma kukuita. Nilikuja kwa akili yangu mwenyewe, mara zote mbili. Niliporudi ndani mara ya pili aliniomba nisogeze kitanda dirishani, nimwegemeze kwenye mito. Nikasogeza. Kutoka pale aliona miguu yako tu, imetokeza uvunguni. Nikamwambia nakwenda kumvuta kwa miguu hiyo hiyo mpaka hapa. Akanishika gauni. Akasema, “Mwache. Anaongea na mimi.”

Akawa anasikiliza. Ukigonga, anafungua macho. Ukinyamaza, ananitazama mimi mpaka ugonge tena. Aliondoka hivyo, wewe bado unagonga.

Sikuandikii haya ili nikutue mzigo. Usiniulize kama ni yale mabasi, sijui, na daktari hakusema. Nakuandikia kwa kuwa maneno yale yalikuwa yako na mimi nimeyakalia miezi miwili, na haikuwa haki.

Lakini mimi si mama. Kule kugonga mimi kulinipandisha hasira tu, na nilikuwa peke yangu nimemshika. Aprili uliniita mtu anayemwacha mama yake kwenye kiti ili apakie wapita njia. Ulipokuja ukanipa mkono, ukaniuliza spana namba kumi na nne iko wapi. Sasa umeniandikia kurasa mbili, umelia na mama, umelia na breki, na mwishoni ukaniagiza upepo wa tairi. Mimi ulinipitia kama kizingiti.

Ufunguo wa gari nimempa mwalimu. Daftari nimelifunga, kilomita sitakuandikia tena. Ukiwa na neno na mimi, liandike kwa herufi. Kama huna, usiandike kabisa, nitaelewa.

Mdogo wako


19 Oktoba

Mdogo wangu,

Lori lilikuja nikiwa na karatasi hii mkononi, likaondoka nikiwa bado nayo. Hili ni la pili.

Nilimkosea mama siku ya msiba wa baba, nikamwacha miaka mitatu anangoja neno moja. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo hata siku nilipofika, na sikulisema, na sasa sina wa kumwambia.

Wewe ulimbeba, ulimwogesha, ulimshikia ndoo, ukatembea naye saa nzima kutoka basi hadi basi. Mimi nikakuita mwizi. Zile kilomita ziliweza kusema mambo mawili, nikachagua lile la kukuchukia, kwa sababu la pili lilinitisha. Sikuwa nimekosea hesabu. Niliogopa. Halafu nikaja nikakutazama usoni wiki sita nzima, nikijua yote hayo, nikanyamaza.

Nimeandika mara sita na kuchana mara tano, kila mara nilikuwa nimetia maelezo. Hii haina.

Nisamehe.

Kaka yako